Kabati la Marehemu: Aliyehesabiwa Mwisho

Mlango wa ile nyumba ya Sugar Land, kando ya Houston, ungali wazi, msomaji wangu, na yule mwanamume yuko palepale tulipomwacha Alhamisi iliyopita. Mkono mmoja kwenye kitasa, na uso wa marehemu kichwani mwake.

Uso uleule. Paji lile, midomo ile, hata ile namna ya kukunja jicho la kushoto kama mtu anayesoma bei dukani.

Mwingine angepiga ukunga. Mwingine angeanguka barazani, majirani wakaita ambulensi. Yasinta hakufanya hata moja. Alimtazama mtu yule kama anavyotazama taa nyekundu ya barabarani pale Belt Line: ipo, nasubiri, itabadilika.

Tangu Alvester afariki, moyo wake umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Upo, lakini ukiufinya hausemi kitu.

"Mnauza nini?" mwanamume akauliza kwa Kiingereza cha Houston. "Kama ni dini, ninayo. Kama ni sola, sitaki."

Kudra akamgusa shoga yake ubavuni. "Sema basi. Nime-drive asubuhi nzima, umefika mlangoni umekuwa nguzo?"

"Kudra," Yasinta akanong'ona, "humwoni?"

"Nimwone nani?"

"Alvester."

Kudra ni binti wa Tanga, na neno kwake halipunguzwi wala halipakwi sukari. Akampima mtu yule toka utosini hadi miguuni.

"Huyu? Shoga yangu, mumeo alikuwa mrefu kama mlingoti, mweusi wa kung'aa. Huyu kafupi, maji ya kunde, masikio kama vishikio vya sufuria. Hafanani naye hata kwa kusingiziwa."

Yasinta akapepesa macho. Kweli bwana. Uso wa Alvester ukaondoka kama mvuke kwenye kioo, na mbele yake akabaki mzee mfupi, mgeni kabisa, amevaa soksi bila viatu.

Haikuwa mara ya kwanza. Alishamwona Alvester kwenye foleni ya duka la nyama Grand Prairie. Alishamwona amekalia usukani wa lori la taka. Kila mara aliangalia vizuri, akaona si yeye, akaendelea kuchagua vitunguu.

Kwa wewe uliyeingia leo, twende haraka ushike mkia wa hadithi.

Yasinta ni mwanamke wa Kibosho, anaishi Cedar Hill, pembeni mwa Dallas, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani. Aliolewa na Alvester Tolliver, Mmarekani mweusi wa Dallas, fundi wa viyoyozi, mtu wa maneno machache na nyama nyingi. Alvester alilelewa kwenye kituo cha watoto. Ndugu hakumjua hata mmoja.

Alipofariki, Watanzania walijaa nyumba ile, Wakongo nao wakaja na nyimbo zao. Wali ukapikwa, watu wakalia. Lakini kwao Yasinta tanga halianuliwi hivihivi. Lazima mtu wa ukoo wa marehemu afungue kabati na kuchukua nguo ya kwanza. Shati moja tu linatosha. Ndipo nguo nyingine zinagawiwa, godoro linatolewa sebuleni, na mjane anarudi kitandani kwake.

Ukoo uko wapi? Haupo. Kabati likabaki limefungwa, ufunguo Yasinta akaupachika kwa pini ndani ya gauni lake, na mpaka leo analala chini sebuleni, miguu kwenye televisheni, kichwa kwenye mlango wa jikoni.

Kuna jambo moja hata Kudra hajui. Watu wakishaondoka, Yasinta huenda kwenye kabati lile, akaweka pua kwenye ufa wa mlango. Ndani kuna koti la kahawia alilokuwa akivaa Alvester anapochoma nyama nyuma ya nyumba. Moshi wa mti bado umo. Yasinta huvuta pumzi moja, mbili, halafu huenda zake kulala. Basi. Halii. Ananusa tu.

Sasa, walifikaje Sugar Land?

Cheti cha kifo cha baba yake Alvester kilisema babu aliitwa Ples, mzaliwa wa Kansas. Wakaanza kumtafuta mtoto Ples. Sensa ya taifa ya mwaka 1890 ambayo ingewasaidia iliteketea kwa moto. Ila jimbo la Kansas enzi hizo lilikuwa na tabia yake: lilihesabu watu wake lenyewe, kila mwaka unaoishia na tano, na lilimuuliza kila mtu swali la kijirani kabisa. Umetoka wapi kuja hapa?

Katika maktaba kuu ya Dallas wakaikuta, mwaka 1895, kaya ya Isom Tolliver. Ametoka Texas. Mke, Mariah. Kisha watoto wamepangwa kama vidole, mkubwa mpaka mdogo: Wiley miaka mitano, Pearl miaka miwili. Na chini kabisa, baada ya Pearl, yumo Ples. Miaka saba.

"Mbona huyu mkubwa kawekwa nyuma ya kitoto?" Kudra aliuliza siku ile.

Yasinta alimjibu papo hapo. "Alikuwa machungani. Mwandishi wa sensa kaja mchana, mtoto yuko na mbuzi. Wamemkumbuka mwandishi akiwa anafunga kalamu."

Wote wawili wakaona ndivyo. Nani asiyejua kwamba mtoto wa kiume mchana yuko machungani?

Lishike hilo la machungani, msomaji. Litauma.

Ples akawa babu yake Alvester. Wiley, yule wa miaka mitano, alirudi Texas alipokua, na mjukuu wake ndiye huyu aliyesimama mlangoni na soksi. Anaitwa Lemuel Tolliver.

"Hatuuzi kitu, shemeji," Yasinta akasema hatimaye. "Tumeleta msiba."

"Umeniita nani?"

"Shemeji. Mimi ni mke wa ndugu yako. Alifariki."

Lemuel akatikisa kichwa. "Mama, pole sana, lakini mmekosea nyumba. Mimi kwetu nimezaliwa peke yangu."

Yasinta akampa picha, akamweleza yote, bila haraka na bila chozi, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Lemuel akasikiliza. Alikuwa mtu mpole, lazima tuseme haki, ila mlango hakuuachia.

"Kwa hiyo," akasema, "babu yake na babu yangu walikuwa ndugu."

"Ndiyo."

"Mama, huyo si ndugu. Huyo ni mtoto wa binamu wa baba. Nikikutana naye kituo cha mafuta nampita."

Kudra akashindwa kuvumilia. "Mwambie, Yasinta. Mwambie kwetu watoto wa ndugu ni ndugu, na wajukuu wa ndugu ni ndugu, hata wagombane. Tena mwambie zamani angekurithi wewe mwenyewe, kabati na vyote."

"Anasemaje?" Lemuel akauliza.

"Anasifu bustani yako," Yasinta akajibu.

Lemuel akaitazama bustani yake. Nyasi zilikuwa zimekauka mpaka mizizi.

"Na hilo shati," akasema, "mimi sikumjua. Siwezi kuingia nyumba ya mtu nisiyemjua nikachukua nguo zake. Ni kama wizi. Nisamehe."

Akaanza kurudisha mlango. Taratibu, kwa adabu, lakini mlango ulikuwa unakwenda.

"Lemuel!" sauti ikapasua kutoka ndani, juu ya kelele za televisheni. "Funga huo mlango, kiyoyozi kinapoza mtaa mzima!"

"Naufunga, shangazi!"

"Ni nani hao?"

"Wamekosea nyumba. Wanamtafuta mtu anaitwa Ples."

Televisheni ikazimwa. Ghafla, kama imekatwa kwa kisu.

"Walete ndani," sauti ikasema. "Na viatu vyako viko wapi, mbele ya wageni?"

Miss Ernestine alikuwa ameegemea kiti cha kulalia, blanketi magotini, meno kwenye glasi pembeni. Yeye ni binti wa Wiley, shangazi wa Lemuel, na kwa umri wake ameshazika madaktari wake wote. Aliyapachika meno kwanza, ndipo akasalimia.

"Shikamoo, mama," ikamtoka Yasinta kwa mazoea, halafu akageuza Kiingereza.

"Mmesema Ples. Ples yupi?"

"Ples Tolliver wa Kansas. Mume wangu alikuwa mjukuu wake."

Bibi akafumba macho. "Baba mkubwa Ples. Alikuwa anakuja kwetu kila Juni, sherehe za watumwa kuachwa huru, na kopo la pichi chini ya kwapa. Walinihamisha chumba apate pa kulala. Mwanawe aliondoka akaenda Dallas, barua zikakoma. Kumbe alizaa."

"Alizaa," Yasinta akasema. "Alvester."

"Na Alvester?"

"Hatukujaliwa."

Kudra akainamisha macho. Lemuel akaleta maji kwenye glasi, na kwa mara ya kwanza akakaa.

Unaona, msomaji? Mlango uliokuwa unafungwa umefunguka, maji yameletwa, ndugu amekaa. Ukidhani mambo sasa yamenyooka, basi hujawahi kufiwa.

"Mna karatasi?" bibi akauliza. "Mlimoyaona hayo?"

Kudra akatoa nakala ya sensa mkobani, iliyokunjwa mara nne. Miss Ernestine akaiweka chini ya kioo chake cha kukuzia. Kidole kikashuka polepole, Isom, Mariah, Wiley, Pearl, kikafika mwisho kikasimama.

"Huyu hapa," akasema. "Mnajua kwa nini yuko chini ya kitoto?"

"Alikuwa machungani," Kudra akadakia, kwa fahari ya mtu aliyesoma somo lake.

"Alikuwa wapi?"

"Anachunga mbuzi."

Bibi akacheka mpaka meno yakalegea tena. "Mbuzi! Lemuel, umesikia? Isom Tolliver hakuwa na hata kuku! Mbuzi wa nani?"

Lemuel naye akacheka. Kudra akacheka kidogo, kwa wasiwasi. Yasinta akanywa maji.

"Ples alikuwa chini ya kitanda," bibi akasema, na kicheko kikamwisha. "Baba yangu Wiley alikuwepo, alikuwa na miaka hiyohiyo mitano mnayoiona hapo. Alinisimulia mpaka nikaichoka. Ples hakuwa mtoto wa Isom."

Kudra akainama tena juu ya karatasi.

"Alikuwa wa jirani. Walitoka Texas pamoja, kundi moja. Homa ikachukua mume na mke majira mamoja ya baridi, mtoto akabaki. Isom akamleta nyumbani. Siku moja akaja mzungu na kalamu, anahesabu. Wao wakaogopa. Walikuwa wameona Texas watoto wasio na wazazi wakichukuliwa, wakatumikishwe mashambani kwa watu mpaka wakue. Mariah akamsukuma Ples chini ya kitanda. Isom akataja wanawe. Mzungu akauliza, hao tu?"

"Akasemaje?" Lemuel akauliza. Hakuwahi kuisikia hadithi hii. Alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti.

"Akanyamaza. Baba anasema alinyamaza mpaka mzungu akaanza kufunga kitabu. Ndipo Isom akasema, yuko mwingine. Anaitwa Ples. Ples nani? Ples Tolliver. Ni wako? Wangu."

Kidole chake kikagonga karatasi.

"Akaandikwa. Hakuuliza zaidi."

Na ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Karatasi ya mwaka ule iliuliza umri, iliuliza kazi, iliuliza umetoka wapi. Haikuuliza huyu ni nani kwa huyu. Walio chini ya paa moja waliwekwa mstari mmoja, na dada zetu wawili, wakiwa maktaba na viatu vyao vya kazini, wakajua wenyewe kwamba hao ni damu moja, na aliyekosa nafasi yake yuko na mbuzi.

Kudra alikuwa wa kwanza kuelewa. "Lahaula. Yasinta. Huyu bwana si ndugu."

"Nimesikia."

"Si damu. Hata tone."

"Nimesikia, Kudra."

Kudra akaanza kulia, yeye mwenye mume mzima nyumbani. Analia kwa sauti, kamasi na yote, na Lemuel anahangaika kumtafutia tishu. Yasinta aliwatazama wote wawili. Akajaribu kuutafuta uchungu, kama mtu anayepapasa miwani kitandani. Hakuupata. Kilichomjia ni kwamba dirisha la gari waliliacha wazi kidogo, na wingu lilikuwa limetanda kaskazini, upande wa Alief.

"Basi," akasema, akasimama.

"Basi nini?" Kudra akafoka kati ya machozi.

"Basi. Twende kabla ya foleni. Asante kwa maji, mama. Asante, shemeji." Akajisahihisha. "Asante, Bwana Tolliver."

"Ngoja kwanza," Miss Ernestine akasema. "Mlitaka nini kwake? Hamjaniambia. Mirathi?"

"Shati," Yasinta akasema. "Mtu wa ukoo achukue shati moja kabatini. Ili nisilale chini tena."

"Shati moja?"

"Moja tu. Lakini kwetu wanataka mtu wa damu yake."

Bibi akamgeukia Lemuel amwambie kitu. Kiti kilikuwa kitupu.

Kudra akasonya. "Kakimbia! Mwanamume kakimbia shati!"

Wakajongea mlangoni wenyewe. Yasinta alikuwa ameshashika kitasa aliposikia nyayo nyuma yake. Nzito, za ngozi, si za soksi.

Lemuel alikuwa amevaa viatu. Vya kanisani, vimepigwa rangi. Mkononi ana kofia na funguo za gari.

"Alikuwa anavaa saizi gani?" akauliza.

Yasinta akamtazama mabega. "Kubwa kuliko wewe."

"Nitakunja mikono."

"Bwana Tolliver, umesikia. Wewe si ndugu yake."

"Nimesikia. Nusu saa iliyopita nilikuwa ndugu yake na nikakufungia mlango." Akaweka kofia kichwani. "Mzee Isom alisema wangu. Mimi siwezi kurudi mpaka Kansas nikamkatalie."

"Wewe nenda!" Miss Ernestine akapaza sauti kutoka kitini. "Na usi-drive kama mwendawazimu! Na mlango, Lemuel!"

Kudra akambusu yule bwana shavuni, akaacha alama ya rangi ya mdomo. Sasa alikuwa analia na kucheka pamoja. "Nilisema hafanani? Nafuta kauli. Kwa mbali, ukifumba jicho moja, anafanana kabisa!"

Wakatoka nje. Jua kali, nyasi kavu. Kwa hesabu ya kawaida hapa ndipo mjane anapotua mzigo. Kesho Jumamosi, watu wamealikwa, kabati litafunguliwa, shati litatoka, godoro litarudi chumbani.

Yasinta akashika kifua, pale penye pini.

Kitu kilimchoma. Kidogo tu, kama mguu unaoanza kuamka. Kabati litafunguliwa. Milango miwili, wazi kabisa, na hewa ya nyumba nzima iingie mle ndani.

Alikuwa hajaliwaza hilo mpaka dakika hii. Alimtafuta mtu wa kufungua, akamtafuta kwenye makaratasi ya miaka mia na ushei, na hakujiuliza hata mara moja kama anataka lifunguliwe.

Simu ikalia mkobani.

Alikuwa Elimringi, mhasibu wa Dallas na mwenyekiti wa msiba ule. Leo yeye ndiye aliyebaki Cedar Hill, kwa kuwa nyumba yenye tanga haiachwi tupu. Kwa kawaida Elimringi huongea kama anayesoma kumbukumbu za kikao. Leo alikuwa anahema.

"Dada Yasinta, uko wapi?"

"Sugar Land. Tumempata mtu. Tunakuja naye."

"Mwache hukohuko."

"Nini?"

"Nasema mwache. Hapa amekuja mwingine. Kaja na begi. Mtu mzima, ana mvi tayari kwenye ndevu." Elimringi akameza mate. "Dada, anasema ni mtoto wa Alvester."

Kudra, aliyekuwa amebandika sikio kwenye simu ileile, akashika mlango wa gari. "Mtoto wa nani?"

Yasinta hakubadilika sauti. "Elimringi, nisikilize. Mpe chai. Asiguse kabati mpaka nifike."

"Dada, nimechelewa. Kabati liko wazi."

"Haliwezi kuwa wazi." Akaingiza mkono shingoni mwa gauni, akaipapasa pini, akaupata ufunguo, wa moto kwa joto la mwili wake. "Ufunguo ninao mimi. Ninao hapa. Ameuvunja mlango?"

"Hakuvunja kitu. Ana ufunguo wake."

Upepo ukapita kwenye nyasi kavu za Lemuel. Mzee wa watu alikuwa ameshawasha gari lake nyuma yao, anasubiri, kofia kichwani, hajui kitu.

"Amechukua shati?" Yasinta akauliza.

"Mashati hakuyatazama. Alikwenda moja kwa moja, kama mtu anayejua. Dada, mimi nilimwambia avue, hataki. Amelivaa koti na amekaa nalo kwenye godoro lako, pale chini, hasemi."

Miezi yote ile, msomaji, mwanamke huyu hakulia hospitalini, hakulia kanisani, hakulia kaburini. Sasa hivi alisimama kwenye maegesho ya mtu asiye ndugu yake, simu sikioni, akaibana ile pini mpaka ikamchoma kidole.

"Koti lipi?" akauliza.